Mwongoza Watalii Naye Ni Mwandishi

Kuna sentensi moja inayonichosha kila ninaposoma insha za safari, ziwe za Kiswahili au za lugha nyingine: "Mwenyeji wetu alituambia kwamba..." Baada ya hapo hufuata historia ya mji mzima, wafalme wake, vita vyake, misikiti yake na mapishi yake, na mwenyeji mwenyewe haonekani tena. Hana jina wala umri. Hatujui anaishi wapi, alijifunzia wapi hayo anayoyajua, wala alilipwa kiasi gani. Ukifika ukurasa wa pili, hata lile "alituambia" limeshadondoka njiani, na mwandishi anaongea kama mtu aliyezaliwa mtaa huo huo. Mwisho anaweka jina lake, lake peke yake, na sisi wasomaji tunampigia makofi: jamani, huyu bwana kaijua dunia!

Mimi nasema huo ni wizi. Mwanafunzi wa chuo akinakili kurasa tano za kitabu bila kumtaja aliyekiandika, tunamwita mwizi na anaweza kunyimwa shahada. Mwandishi wa safari akinakili maneno ya mtu ya asubuhi nzima, tunamwita msafiri. Tofauti ni nini? Ni kwamba maneno haya ya pili yalitoka mdomoni, juani, mwenyewe akitembea? Sisi watu wa Kiswahili, ambao tungo zetu nyingi ziliishi vifuani mwa watu kabla hazijaandikwa, tungepaswa kuwa wa mwisho kukubali kwamba neno la mdomo halina mwenyewe.

Nitoe mfano wa mji mmoja, maana hoja isiyo na mahali haishikiki. Mji ni George Town, katika kisiwa cha Penang, kaskazini-magharibi mwa Malaysia. Niliutembea asubuhi mbili nikiwa na mwongoza watalii, mama wa makamo mwenye beji yake shingoni, kwa kuwa sheria ya Malaysia ya mwaka 1992 inataka kila anayefanya kazi hiyo awe na leseni. Alitaka nimwite Kak, maana ndivyo Wamalay wanavyomwita dada mkubwa. Kwa sikio la Kiswahili ni kichekesho kidogo: neno lenyewe kwa kirefu ni kakak, kwa hiyo asubuhi nzima ni kama nilikuwa namwita mwanamke "kaka".

Mtu wa Unguja, Lamu au Mombasa akishuka George Town hatajiona mgeni sana. Miji hii yote ililelewa na biashara ya Bahari ya Hindi na pepo zake za msimu. UNESCO iliuandika George Town katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008 pamoja na Melaka, kama ilivyouandika Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000 na ule wa Lamu mwaka 2001. Nyumba zimebanana, chini duka, juu makazi, na mbele kuna njia yenye paa wanayoiita kaki lima, yaani futi tano, ambapo watu hukaa kuzungumza kama barazani kwetu. Lugha nayo inakukaribisha. Dunia ni dunia, bendera ni bendera, meza ni meja, wakati ni waktu, kitabu ni kitab, na wakijuliana hali huulizana "apa khabar?" Kiarabu kilipita huku na kule, Kireno vilevile.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mji ukifanana na kwenu, unadhani umeshaujua. Chukua barabara iitwayo Jalan Masjid Kapitan Keling, ambayo Waingereza waliiita Pitt Street. Katika mwendo wa dakika chache unapita kanisa la Mtakatifu George la mwaka 1818, hekalu la Kichina la Kuan Yin, hekalu la Kihindu la Sri Mahamariamman la mwaka 1833, na Msikiti wa Kapitan Keling ulioanzishwa mwaka 1801 na Waislamu waliotoka India. Vipeperushi vya utalii vinaiita Mtaa wa Maelewano. Mgeni wa asubuhi moja atapiga picha nne, atarudi hotelini, na atatuandikia insha tamu kuhusu kuvumiliana kwa dini, yenye funzo kwa Afrika mwishoni. Nimezisoma insha hizo. Na wewe umezisoma.

Kak hakuyakana maelewano. Alisema ni kweli, watu wameishi hapo pamoja kwa zaidi ya miaka mia mbili, na wameoana, na wamekopeshana. Kisha akanizungusha kona mbili hadi Lebuh Cannon, mtaa ambao jina lake, wenyeji husimulia, limetokana na shimo lililochimbwa na risasi ya mzinga. Mwezi Agosti mwaka 1867 mji huu uliwaka moto kwa siku kama kumi. Vyama viwili vya siri vya Wachina, Ghee Hin na Tua Pek Kong, vilipigana mitaani. Lakini havikupigana peke yao. Waislamu wa mji, Wamalay na wenye asili ya India, walikuwa na vyama vyao viwili: Bendera Putih, yaani Bendera Nyeupe, na Bendera Merah, yaani Bendera Nyekundu. Nyeupe walisimama na Ghee Hin, Nyekundu wakasimama na Tua Pek Kong. Yaani Mwislamu na Mchina walipigana bega kwa bega dhidi ya Mwislamu na Mchina. Kwenye mnara wa msikiti wa Lebuh Acheh kuna tundu la duara, na watu husema ni alama ya mzinga wa vita hivyo hivyo.

Hebu liwaze hilo. Hadithi ya kipeperushi, kwamba dini zimekaa kwa amani tu, imeanguka. Hadithi ya wale wanaopenda kutwambia kwamba watu wa dini na makabila tofauti hawawezi kukaa pamoja, nayo imeanguka. Imebaki hadithi ngumu zaidi, ya watu waliogawana kwa biashara, kwa mtaa na kwa kiapo. Hiyo ndiyo hadithi ya kuandika.

Sasa angalia namna ilivyonifikia. Kak alinionyesha kwanza Mtaa wa Maelewano, akaniacha niufurahie, ndipo akaniletea mzinga. Angeanza na mzinga, ningeuona mji wote kama uwanja wa vita. Alichagua pa kuanzia, akachagua pa kunyamaza, akaweka taharuki, akaifungua. Sisi tunaosoma na kuhakiki vitabu tunalo jina la kazi hiyo. Tunaiita msuko. Riwaya ikiwa na msuko mzuri tunamsifu mtunzi. Matembezi yakiwa na msuko mzuri tunausifu mji, kana kwamba mji ulijisuka wenyewe.

Kulikuwa na mengine. Ngomeni Fort Cornwallis kuna sanamu ya Francis Light, mtu wa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki aliyekitwaa kisiwa mwaka 1786 kutoka kwa Sultani wa Kedah. Sultani alitaraji kulindwa na Kampuni dhidi ya Siam. Ulinzi haukuja, na alipojaribu kukirudisha kisiwa chake mwaka 1791 alishindwa. Sanamu ilisimamishwa mwaka 1936, na kwa kuwa picha ya Light haikupatikana, mchongaji alitumia sura ya mwanawe William, yule aliyeupanga mji wa Adelaide kule Australia. Kwa hiyo uso unaoheshimiwa hapo kama wa mwanzilishi ni wa mtu mwingine. Wapo wanaosimulia pia kwamba Light alijaza mzinga sarafu za fedha akazifyatulia msituni, ili watu wakate miti haraka wakizitafuta. Ni hadithi ya kuchekesha, na wageni wanaipenda. Kak aliisimulia, akasubiri nicheke, kisha akauliza: "Na waliokata miti waliitwa nani?"

Swali hilo nimelichukua kwake, na ndilo linaloiongoza insha hii.

Najua majibu ya wenzangu. Nimeyasikia kwenye mazungumzo ya waandishi, na mengine yana sura ya hoja.

La kwanza ni la wale wanaojiita wasafiri wa kweli. Wanasema mwongoza watalii ni wa watu wa mabasi na kofia. Msafiri wa kweli hujipoteza mjini, na mji hujifunua wenyewe. Maneno matamu. Lakini anayejipoteza kwa raha ni mwenye pasipoti inayokubalika, simu yenye chaji na kadi ya benki. Na hajipotezi hata huko. Anafuata ramani ya simu, na ramani hiyo imemwekea alama za maduka na mikahawa iliyojitangaza. Ndiyo maana kule Lebuh Armenian utakuta foleni ya watu wanaongoja kupiga picha na mchoro wa ukutani wa watoto wawili juu ya baiskeli, uliochorwa na Ernest Zacharevic mwaka 2012. Barabara hiyo hiyo ina nyumba namba 120, ambayo mwaka 1910 ilikuwa kituo cha Sun Yat-sen alipokuwa akipanga mapinduzi ya China. Foleni iko kwenye baiskeli. Msafiri huru naye anaongozwa, ila ameongozwa na kitu asichoweza kukiuliza swali.

Tena ona ajabu hii. Mchoraji wa baiskeli anatajwa jina katika kila insha, na ni haki yake. Aliyekueleza kwamba Wachina wa Penang wanauita mtaa ule Mtaa wa Wafua Shaba, na kwamba karibu kila mtaa mkongwe una jina jingine kwa kila lugha, hatajwi. Rangi juu ya ukuta ina mwenyewe. Maarifa ya ukuta hayana.

Jibu la pili: waongoza watalii wanadanganya. Wana hotuba waliyoikariri, wanakupeleka kwenye duka la binamu, wanatia chumvi. Ni kweli, wapo. Na waandishi wa vitabu je? Maktaba zimejaa vitabu vya safari vilivyotiwa chumvi mpaka havilegei. Dawa ya kitabu cha uongo ni kukitaja na kukipinga: fulani kasema hivi, mimi nasema sivyo. Huwezi kumpinga mtu usiyemtaja. Ukificha chanzo chako, uongo wake unakuwa wako, na ukweli wake pia unakuwa wako, na msomaji hana pa kwenda kuuliza. Kumtaja mwongoza watalii ni kumheshimu, na ni kumbebesha dhamana pia. Vyote viwili anavistahili.

Jibu la tatu ndilo linaloniudhi hasa: "Si nilimlipa?" Ndiyo, ulimlipa, na pengine ulimpa na bakshishi. Ulilipia matembezi. Mimi nikinunua kitabu cha Shafi Adam Shafi dukani, nimekilipia pia, lakini siruhusiwi kufuta jina lake jaladani na kuandika langu. Pesa ilinunua masaa ya Kak na miguu yake. Haikununua haki ya kujifanya mimi ndiye niliyeyajua hayo.

Na kama kuna watu ambao hili linapaswa kuwauma, ni sisi. Nani aliwaongoza Wazungu walioandika vitabu vinene kuhusu maziwa na milima yetu? Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akaishi India, akarudi pwani, alikuwa na Burton na Speke kuanzia mwaka 1857, akarudi tena na Speke na Grant, akaenda na Stanley kumtafuta Livingstone mwaka 1871, kisha akavuka bara na Cameron hadi bahari ya magharibi. Kila safari ilizaa kitabu, na kila jalada lilikuwa na jina la Mzungu. Hata hivyo, katika kurasa zao Bombay yupo. Ana jina, ana vituko vyake, anagombana, anachoka. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa medali ya fedha na pensheni. Hayo ni machache mno kwa mtu aliyetembea kuliko wote, lakini angalau tunajua alikuwepo. Sasa nikuulize, msomaji: inakuwaje mwandishi Mswahili wa leo, mjukuu wa wapagazi na viongozi wa misafara, anarudi kutoka Asia na insha ambayo ndani yake mwenyeji ana nafasi ndogo kuliko aliyoipata Bombay kwa Stanley? Stanley, jamani!

Nathari ya Kiswahili ya safari za mbali ilianzia mahali pengine kabisa. Salim bin Abakari alikwenda Urusi na Siberia mwaka 1896 akiwa mtumishi wa Mjerumani, na masimulizi yake yakachapwa katika kitabu cha Carl Velten, Safari za Wasuaheli, mwaka 1901. Mtumishi ndiye anayesimulia pale. Yule ambaye katika kitabu cha bwana wake angekuwa kivuli, kwa Kiswahili ana sauti na ana jina. Huo ndio urithi wetu katika uandishi wa aina hii. Tunautupa kwa sababu gani, kwa ajili ya kuonekana wasafiri wa kisasa?

Kuna la zaidi ya heshima. Jengo linahesabika kuwa urithi wa dunia. Mtu anayejua jengo lilikuwa nini hahesabiki popote. George Town ilikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1966, iliyohusu nyumba zilizojengwa kabla ya mwaka 1948. Sheria hiyo ilifutwa, na tangu mwanzo wa mwaka 2000 wenye nyumba wakawa huru kupandisha kodi. Familia nyingi zikahama. Nyumba nyingine zikawa za kufugia ndege wanaofanana na mbayuwayu, ambao viota vyao huliwa na huuzwa ghali. Nyingine zikawa hoteli na mikahawa. Familia ya Kak ilihamia bara, ng'ambo ya mlango wa bahari. Siku za kazi anapanda feri asubuhi kuja kuwaonyesha wageni mtaa aliozaliwa. Chumba cha usiku mmoja katika hoteli iliyo jirani na nyumba yao ya zamani kinazidi malipo yake ya siku.

Mtaa wao ulikuwa karibu na Lebuh Acheh, penye msikiti ulioanzishwa mwaka 1808 na Tengku Syed Hussain Al-Idid, tajiri wa asili ya Hadhramaut aliyetokea Aceh. Mahadhrami hao hao ndio waliokuja Lamu, Mombasa na Unguja, kwa hiyo majina ya koo kule hayatakushangaza. Aliweka ardhi kuwa wakfu. Wao husema wakaf. Kwa miongo mingi mahujaji wa sehemu zile walipandia meli Penang kwenda Jeddah, na mtaa huo ulijaa mawakala wa tiketi, wauza vitabu na nyumba za kulala wageni. Bibi yake Kak aliwapikia mahujaji waliokuwa wakingoja meli. Safari za meli zilikoma miaka ya 1970. Leo mtaa uko kimya, na anayekumbuka harufu ya vyakula vile anafika kwa feri saa mbili asubuhi na kuondoka jioni.

Mwongoza watalii akibaki bila jina katika maandishi yetu, siku atakapoacha kuja hakuna msomaji atakayegundua. Kipeperushi kitasomwa na mtu yeyote, au na simu. Hadithi ya mzinga itakatwa kwa sababu inaharibu biashara, na Mtaa wa Maelewano utabaki na maelewano matupu. Wenye hoteli ndio watakaosema mji huo ulikuwa nini. Anayetembea Mji Mkongwe leo, akahesabu nyumba zilizokwisha kuwa hoteli, anajua sizungumzii Asia peke yake.

Utaniuliza: mbona wewe mwenyewe hukumtaja? Kwa sababu aliniomba hivyo. Baadhi ya aliyoyasema kuhusu wenye nyumba na wenye hoteli yangeweza kumkosesha kazi. Niliuliza, akajibu, nikatii. Kumficha mtu kwa ombi lake ni tofauti kabisa na kumsahau. Basi hesabu yake hii hapa. Mpangilio wa kutoka barabara ya dini hadi Lebuh Cannon ni wake. Swali la waliokata miti ni lake. Habari za bibi yake na feri ni zake. Miaka na majina ya vyama niliyahakikisha vitabuni baadaye, na sikumkuta na kosa. Hasira ni yangu.

Ninachodai ni kidogo. Mwandishi, muulize mwenyeji wako kama anapenda kutajwa, na namna gani. Nukuu maneno yake kama unavyonukuu kitabu, na pale unapomtilia shaka, sema wazi kwamba unamtilia shaka. Eleza alilipwa nini na anaishi wapi, maana hiyo nayo ni habari ya mji. Insha ikilipwa, mpelekee fungu lake. Mhariri, ukiletewa insha ya safari ambayo mji unajisimulia wenyewe bila mdomo wa mtu, irudishe na uulize: nani alikwambia haya? Na wewe msomaji, ukikutana tena na "mwenyeji wetu alituambia", usikubali kupita hapo haraka. Simama, umdai mwandishi jina, au akupe sababu ya kulificha.